Mwaka Lungisa Alipohamishiwa Besi

Kwa miaka ishirini na tisa Lungisa Mtyeku aliimba sauti ya tatu, teno, katika kwaya ya mtaa wa eZibeleni, chini ya walimu watatu. Wawili wa kwanza walikwisha kufa. Wa tatu alikuwa Sinazo, msichana wa miaka ishirini na saba aliyesomea muziki chuo kikuu, ambaye Lungisa alimjua tangu akiletwa mazoezini mgongoni mwa mama yake na kulazwa juu ya lundo la makoti ya waimbaji. Walimu wale wawili hawakuwahi kumwambia Lungisa neno baya juu ya sauti yake. Kazi hiyo ilimwangukia Sinazo.

Ilikuwa Jumanne, na Jumamosi yake Lungisa alikuwa anatimiza miaka hamsini.

Kwaya ilifanyia mazoezi katika darasa la shule ya msingi, watu wazima arobaini wamejikunyata kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia videvu. Jumamosi hiyo hiyo walikuwa waende mji wa Qonce kwenye mashindano, na wimbo waliopangiwa ulikuwa na mahali ambapo sauti zote hunyamaza, teno wakapanda peke yao mpaka kwenye noti ya la ya juu na kuishikilia kwa mapigo manne. Zamani Lungisa alikuwa akifika pale kama mtu anayepanda kitandani kwake. Wiki tatu hizi alikuwa akifika kwa kudra za Mungu. Jumanne ile hakufika. Sauti ilipasuka katikati, ikatoka kama ya jogoo anayejifunza kuwika. Mwanamke mmoja wa sauti ya pili akacheka, kisha akakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

Sinazo aligonga kiti kwa penseli. Aliwaambia warudie kutoka juu ya ukurasa, na waliporudia, Lungisa alifumbua mdomo pale kwenye la bila kutoa sauti. Ile la ikatoka hata hivyo, safi, imenyooka. Aliyeitoa alikuwa Aviwe, askari wa usalama barabarani wa miaka ishirini na minne, aliyekuwa amekaa kiti cha pili kutoka kwake.

Watu walipoanza kutawanyika Sinazo alimfuata.

"Mpinga," alisema, akimwita kwa ukoo wake, kama anavyoitwa mtu mzima anayeheshimika. "Naomba dakika moja."

"Ni mafua tu haya, mwanangu. Juzi nililala dirisha wazi."

"Mafua ya wiki tatu, tata?" aliuliza, akimwita baba kwa lugha ya kwao.

"Ya mwaka huu ni mabaya."

Sinazo alizungusha penseli vidoleni. Alionekana kama mtu aliyekwisha kuyafanyia mazoezi maneno yake mbele ya kioo. "Naomba usinichukie. Jumamosi, ile la ataishika Aviwe. Wewe ningependa usimame na besi."

"Besi."

"Una sauti nzuri chini. Nakusikiaga ukiongea."

"Kila mtu ana sauti nzuri akiongea, Sinazo. Hata ng'ombe."

"Sikufukuzi, tata."

"Hujanifukuza." Lungisa alikunja karatasi zake za nyimbo mara mbili, akazitia mfukoni mwa koti, jambo ambalo alikuwa akiwagombeza wengine kwa kulifanya. "Nendeni tu Qonce. Mimi Jumamosi nina shughuli nyumbani. Natimiza hamsini."

Akaondoka. Alifika nusu ya njia ndipo alipotambua alichokisema. Miezi mitatu mizima alikuwa akiikwepa shughuli hiyo ya nyumbani, na kinga yake ilikuwa moja tu: kwamba Jumamosi hiyo yuko Qonce na kwaya.

Mwenye kuitaka shughuli alikuwa dada yake, Nomalizo, aliyekaa Mdantsane na kufanya kazi ya kupamba kumbi za harusi. Tangu Januari alikuwa akipiga simu kila Jumapili. Hoja yake haikuwa ya upuuzi. Baba yao alikufa akiwa na miaka arobaini na sita, akaanguka uani na ndoo ya maji mkononi. Kaka yao mkubwa hakufika arobaini. Katika wanaume wa nyumba ile, Lungisa alikuwa wa kwanza kuikaribia hamsini akitembea kwa miguu yake. "Wewe unaona ni keki," Nomalizo alimwambia. "Mimi naona ni mwanamume wa kwetu aliyepita." Lungisa alijibu kwamba kama kweli amepita, basi aachwe apite kimya kimya.

Mkewe, Nozibele, mwalimu wa watoto wa darasa la awali, alikuwa akisahihisha michoro ya wanafunzi wake mezani alipoingia.

"Siendi Qonce," Lungisa alisema.

Nozibele hakuuliza kwa nini. Aliweka kalamu chini, akachukua simu, akampigia wifi yake. Kabla chai ya Lungisa haijapoa, hema lilikuwa limekwisha kuagizwa, viti sitini, na kondoo ameulizwa kwa mtu wa Lesseyton.

"Nilisema siendi Qonce," Lungisa alisema. "Sikusema nataka hema."

"Ndiyo, baba Lilitha. Nimesikia," mkewe akajibu, na kuendelea kuandika orodha.

Siku ya pili yake alikwenda kazini kama kawaida. Kazi yake ilikuwa kuchanganya rangi katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Komani, na ilikuwa kazi aliyoipenda, ingawa hakuwahi kumwambia mtu. Alipenda harufu ya duka asubuhi kabla mlango haujafunguliwa. Alipenda mashine ya kutikisa makopo, na ile dakika ya kufungua kopo na kukuta rangi mbili zimekuwa moja. Zamani, kabla ya mashine ya kupima, watu walikuwa wakimletea kipande cha plasta kimefungwa kwenye karatasi, naye anakitazama, anakwenda nyuma, anarudi na kopo lenye rangi ile ile. Mpaka sasa wako waliokataa mashine na kumtaka yeye.

Mmoja wao, mama mnene mwenye kofia ya sufu, alikuwa amechukua lita tano siku ya Jumatatu. Jumatano hiyo alizirudisha.

"Bhuti, hii ni njano ya nini?"

"Ya ukuta wako, mama. Si ulileta kipande?"

"Kipande changu kilikuwa njano ya siagi. Hii ni ya kiini cha yai. Nimepaka ukuta mmoja, mume wangu akaniuliza kama tumefungua shule ya chekechea."

Lungisa alichukua kile kipande, akakinyoosha mbali na uso mpaka mkono ukaisha, akakipeleka dirishani. Kilikuwa siagi. Hakuna mtu mwenye macho mazima angekiita kiini cha yai. Aliomba radhi, akachanganya upya, na safari hii akakipitisha kwenye mashine. Mwenzake wa kaunta alimtolea miwani yake mwenyewe. Lungisa akaivaa. Wakati akipiga magoti kuinua kopo, goti la kulia likalia kama kuni mbichi motoni, na yule mama akasema, "Pole, baba." Lungisa alikumbuka kwamba dakika tano nyuma alikuwa bhuti, yaani kaka.

Siku ya Alhamisi, baada ya kazi, alimkuta mgeni barazani. Ni Mzimkhulu, mstaafu wa reli wa miaka sitini na minane, kiongozi wa besi. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Lungisa, kofia juu ya goti, chai ya Lungisa mkononi.

"Umekuja kunibembeleza," Lungisa alisema.

"Nimekuja kunywa chai. Mkeo anaweka sukari kama mtu asiyeinunua."

Walikaa. Jirani alikuwa akimwagilia kabichi zake. Mzimkhulu alimaliza kikombe, akakitazama ndani, akakiweka chini.

"Unajua kiti chako pale nyuma kina miaka minane? Tangu siku ile uliyokohoa kwa sauti nzito kwenye mazishi ya Mfundisi wa zamani nikawaambia wenzangu, huyu anakuja. Wekeni kiti."

"Mnangoja watu kama fisi."

"Tunangoja kama kituo cha treni. Treni ya teno lazima ipite kwetu. Mimi mwenyewe nilikuwa teno, hukujua?"

"Uongo huo."

"Muulize mama yako. MaDlomo ananikumbuka. Nilikuwa natoboa bati." Mzimkhulu alikuna kidevu. "Halafu siku moja bati likanishinda. Nikanuna mwaka mzima. Nilikwenda kanisa lingine kabisa, wale wanaopiga ngoma, nikakuta hata huko wana teno."

Lungisa alijizuia asicheke. "Na besi kuna nini cha maana?"

"Kuna viti vya nyuma, karibu na mlango. Ukibanwa na mkojo unatoka, unarudi, mwalimu hajui. Subiri miaka mitano, utanishukuru."

"Mimi nimeacha kwaya, mzee."

"Haya. Umemwambia nani?"

"Si nakwambia wewe."

"Mimi siku hizi sisikii vizuri," Mzimkhulu alisema, akasimama, akavaa kofia yake na kwenda zake.

Ijumaa Nomalizo aliwasili kwa gari lililojaa mpaka dereva haonekani. Alileta vitambaa vya meza, maputo makubwa ya dhahabu yenye umbo la tano na sifuri, masufuria ya kuazima, na boksi la fulana arobaini. Alitoa fulana moja akaikunjua mbele ya kaka yake. Kifuani ilikuwa na picha ya Lungisa akiwa na miaka ishirini na moja, nywele zimesimama kama kichaka, mdomo wazi, anaimba. Koo lake lilikuwa jembamba. Picha ilikuwa imekuzwa mno hata kidakatonge kikaonekana.

"Mdomo wote huu!" Nomalizo alisema kwa furaha. "Mwanao Lilitha ndiye aliyeitafuta. Watu watalia."

"Watu watavaa hii?"

"Hata Mfundisi wa kanisa. Nimemletea saizi yake."

Nyumba ikawa si yake tena. Akitaka kukaa, kiti kinahitajika. Akishika kisu, ananyang'anywa. Alikwenda kwenye zizi kuona kondoo, vijana wa jirani wakamwambia, "Aa, mzee, wewe pumzika, ni siku yako," ingawa siku yake ilikuwa kesho. Alasiri aliingia bafuni, mahali pekee palipobaki, akafunga mlango kwa komeo. Umeme ulikuwa umekatwa kwa zamu ya mtaa wao na maji yalikuwa vuguvugu. Akakaa ndani ya beseni, na nje wanawake wakicheka jikoni, akajaribu ile la.

Alianza mbali, chini, akapanda ngazi kwa ngazi kama alivyofundishwa na mwalimu wa kwanza. So ilitoka. Akavuta pumzi mpaka mbavuni, akaiendea la polepole, kwa heshima. Kilichotoka kilikuwa kilio kidogo chembamba.

Mlango ukagongwa. "Baba Lilitha! Umeanguka?"

"Hapana."

"Nimesikia kitu."

"Maji ya baridi," Lungisa alisema. Akabaki ndani ya maji hayo mpaka yakawa ya baridi kweli.

Jumamosi kulikucha kweupe, bila upepo. Saa kumi na mbili na nusu, akiwa uani anachochea moto wa maji, alisikia basi la kukodi likipita barabara kuu na honi ikipigwa mara mbili. Nozibele naye alisikia. Aliendelea kumenya viazi.

Hema lilisimamishwa, na kufikia saa tano umati wa watu ulikuwa chini yake, nusu yao wamevaa uso wa Lungisa. Kulikuwa na nyama ya kondoo kwenye vyungu vya miguu mitatu, makande yaliyolala motoni tangu jana, mkate wa mvuke uliokatwa mabonge, maji ya tangawizi kwenye ndoo, na nyuma ya nyumba, kwa wazee, pombe ya mtama. Nomalizo alikuwa amefunga yale maputo mawili nyuma ya meza kuu. Muda mfupi kabla ya sala ya kufungua, sifuri likaguswa na waya wa hema likanywea. Likabaki tano peke yake, likimeremeta juu ya kichwa cha Lungisa kana kwamba ametimiza miaka mitano. Wageni waliochelewa walidhani ni mzaha uliopangwa, wakausifu.

Hotuba zilikuwa nyingi. Mfundisi alisema Lungisa ni mtu wa amani. Meneja wa duka alisema hajawahi kuchelewa. Jirani mwenye kabichi alisema kwamba katika miaka kumi na saba hawajagombana ila mara moja, kwa sababu ya mbwa, na mbwa mwenyewe alikufa. Lungisa alisikiliza akitazama meza. Hayakuwa maneno ya uongo. Alishangaa tu jinsi yalivyo machache mtu akiyaweka pamoja. Nozibele alimpa zawadi yake mbele ya wote: miwani ndani ya kibweta cheusi. Mwenzake wa kaunta alikuwa amempigia simu siku ya Jumatano. Lungisa aliivaa, na kwa mara ya kwanza akaona vizuri picha ya kifuani mwa mama yake. Kijana yule alikuwa amekosa kifungo kimoja cha shati.

Karibu na saa saba simu yake ililia. Alikuwa Sinazo.

"Mpinga, heri ya siku ya kuzaliwa! Tuko nje ya ukumbi, zamu yetu ni baada ya kwaya mbili. Weka spika, watu wanataka kukusalimu."

Hakuweka spika. Aliinuka, akaenda nyuma ya tangi la maji ya mvua, akaikandamiza simu sikioni. Kwaya nzima ilianza kumwimbia. Sauti zilifika nyembamba, zimebanwa, lakini alizijua zote, alijua nani yuko wapi. Alitafuta teno. Walikuwa pale, wako sawa, na juu yao Aviwe, hajikazi, hapigi kelele. Lungisa alisikiliza pahali palipokuwa pake kwa namna mtu anavyosikiliza kama bomba linavuja. Halikuvuja. Kisha mtandao ukakatika kabla ya ubeti wa mwisho.

Aliporudi, Nomalizo alikuwa ameshika kipaza sauti.

"Sasa, ndugu zangu, mtu ambaye ametuimbia maisha yake yote. Hakuna maiti wa eZibeleni aliyekwenda makaburini bila sauti ya kaka yangu. Mpinga, tuanzishie!"

Watu wakapiga vigelegele. Aliutaja wimbo wa kanisani ambao kila mtu anaujua, na Lungisa alikuwa ameuanzisha mara nyingi hata hakuhitaji kufikiri. Ndilo lililomponza. Koo lilikwenda lenyewe mahali lilipozoea kwenda, juu kulekule kwa kijana wa kwenye fulana. Mstari wa kwanza ulipita. Wanawake wakapokea kwa shida, wamenyoosha shingo. Kwenye mstari wa tatu wimbo unapopanda, sauti ya Lungisa ilipasuka mbele ya watu themanini, kipaza sauti kikaitupa mpaka mtaa wa pili.

Wimbo ukasimama. Mtu akaangusha kijiko.

MaDlomo, mama yake, mwanamke mdogo wa miaka sabini na saba aliyefunga kilemba cha rangi ya bluu, alikuwa safu ya mbele. Hakuinuka. "We Lungisa," alisema, na katika ukimya ule kila mtu akasikia. "Unatunyonga. Shusha."

"Mama..."

"Shusha, mwanangu. Hatuna umri huo. Hata wewe huna."

Watu wakacheka, si kwa ubaya, kicheko cha watu waliokuwa wameshika pumzi. Na MaDlomo, bado amekaa, mikono juu ya fimbo, akauanza wimbo mwenyewe chini, chini sana, kwa ile sauti yake ya mchanga. Wanawake wa umoja wa sala wakaushika. Wanaume wakaingia. Lungisa alisimama na kipaza sauti mkononi, akitafuta pa kuingilia. Pahali pa teno palikuwa patupu, angeweza kupaimba bila taabu kwa vile wimbo ulikuwa umeshuka. Akajaribu, akaona kila mtu yuko juu yake au kando yake na chini hakuna mtu ila Mfundisi, ambaye hajui kuimba. Akaenda chini. Haikuwa sauti ya kumfanya mtu ageuke. Lakini alipoingia, wimbo uliacha kuyumba, na MaDlomo akaitikia kwa kichwa mara moja, kama afanyavyo chumvi ikitosha.

Baada ya hapo shughuli ilichangamka. Watu walicheza. Lungisa alicheza na mkewe, akacheza na Nomalizo, goti likalia, akaendelea. Alikula nyama ya kichwa na wazee nyuma ya nyumba, wakamweleza habari za baba yake ambazo hakuwahi kuzisikia, moja yao ya aibu kidogo, na akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Jua lilipokuwa linashuka na wageni wamebaki wachache, alikaa na Nozibele kwenye viti vya plastiki katikati ya sahani.

"Sikukwambia ukweli juu ya Qonce," alisema.

"Kwamba Sinazo amekuhamishia besi."

Lungisa alimtazama. "Nani amekwambia?"

"Yeye mwenyewe. Alinipigia Jumanne, hujafika hata nyumbani. Alikuwa analia, masikini."

"Na ukanyamaza siku zote hizi?"

"Ningesema, ungepandwa na hasira ukaenda Qonce kuwaonyesha." Nozibele alivua viatu, akaweka miguu juu ya kiti cha mbele. "Na mimi nilikuwa nalitaka hema langu."

Lungisa alifikiria kukasirika. Ilikuwa ni haki yake, lakini alikuwa ameshiba na miguu ya mkewe ilikuwa imevimba. Akaichukua akaipakata.

Kwaya ilirudi na nafasi ya tatu kati ya kwaya kumi na moja. Mwaka uliotangulia, Lungisa akiwa teno, walikuwa wa tano. Hakuna aliyelitaja jambo hilo mbele yake, na alijua kwamba kila mmoja amelipigia hesabu.

Jumanne alikwenda mazoezini. Hakuomba radhi wala hakuombwa. Alipita viti vya teno, akaenda nyuma, na Mzimkhulu akasogeza begi lake kutoka kwenye kiti kitupu bila kumwangalia. Wiki za kwanza zilikuwa mbaya. Sikio lilimpeleka juu kila alipojisahau, na Mzimkhulu akawa anamkanyaga kidole cha mguu. Noti za chini kabisa zilimtoka upepo mtupu. Zaidi ya yote, kazi ya besi ilimchosha: do, do, so, do, kisha kungoja kurasa mbili wenzako wakipeta. Alimwambia Nozibele kwamba ni kama kulipwa kushika ngazi mtu mwingine anapopaka rangi.

Aviwe alimsubiri getini jioni moja, bado amevaa sare za kazi, akamuuliza kwa haya mtu anavutaje pumzi kabla ya kupanda pale pa juu, maana yeye alikuwa akifika kwa bahati. Lungisa alimwonyesha. Walisimama kiasi cha nusu saa, magari yakipita na madereva wakipunguza mwendo kwa kuiona ile sare. Alimfundisha yote aliyoyajua kuhusu ile la, hata kile kidogo ambacho angeweza kukificha.

Kule nyuma, kwa kuwa alikuwa na nafasi ya kungoja, alianza kusoma karatasi nzima badala ya mstari wake tu. Miezi miwili baadaye, katikati ya mazoezi ya wimbo ambao kwaya imeuimba tangu enzi za mwalimu wa kwanza, aliinua mkono.

"Sinazo, hapa kwenye ukurasa wa nne. Besi tunaimba do. Imeandikwa fa."

"Imeandikwa nini?" Mzimkhulu aliuliza, na safari hii alisikia vizuri kabisa.

"Fa, mzee. Tazama."

"Miaka thelathini naimba do hapo! Umekuja juzi juzi hapa nyuma, hata kiti hakijapata joto, unaanza kutusahihisha. Teno ni teno tu, hata umpake matope."

Darasa zima likacheka, na Lungisa naye. Sinazo alikuja nyuma, akachukua karatasi ya Mzimkhulu, akaitazama, akachukua ya Lungisa, akazilinganisha.

"Ni fa," alisema.

Mzimkhulu alinung'unika kwamba hata huyo mtunzi angeisikia do angeipenda zaidi. Sinazo alirudi mbele, akawapa noti kwa kinywa, akawaambia besi waimbe peke yao. Walikosea. Akawarudisha. Walikosea tena, nusu yao wakienda fa na nusu wakibaki do na Mzimkhulu. Sauti nyingine zikaanza kukusanya makoti. Sinazo alisema wenye kutaka kwenda waende, besi wabaki. Wakabaki saba, magoti kidevuni, wakiurudia ukurasa wa nne, mpaka mlinzi wa shule akaja na funguo na kusimama mlangoni kuwasikiliza.